Chaja ya Sauti ya Mwalimu

Mnanijia nyumbani mmoja baada ya mwingine, na swali lenu la chaja ni lile lile: "Maman Nabintu, chargeur gani iko nzuri?" Hata kukaa hamtaki. Mnasimama mlangoni na viatu vyenye tope la mtaa wetu wa Cimpunda, mkidhani nitataja jina moja ninyi mkimbie sokoni. Nikiwauliza mnataka kuchaji nini, mnanishangaa. "Pile, maman." Betri, sawa, lakini pile gani? "Pile tu." Mnanikumbusha mtu anayeingia duka la dawa akaomba dawa, na akiulizwa ya nini anajibu: dawa tu.

Sasa nimestaafu, nina nafasi, na magoti yangu hayataki tena kushuka zile ngazi za udongo kila asubuhi. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Someni mkiwa mmekaa, maana kuna mambo humu ambayo mimi niliyapata kwa kuungua.

Mjue kwanza kwamba sikuingia katika kazi hii kwa sababu ya akili. Niliingia kwa sababu ya maji. Zamani, kabla ya hizi seli zenu za lithium, nyumba ya kuchaji ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati na betri za gari zimepangwa chini, kumi au kumi na mbili. Watu walizileta kwa toroli, kichwani, mgongoni, ili wapate taa na redio nyumbani. Betri za asidi zinakunywa maji, na si maji ya bomba, kwa sababu yana chumvi. Mimi nilikuwa nauza maji ya mvua. Mvua ya Bukavu mnaijua, haina haja ya kuombwa. Nilifunga plastiki pana kwenye miti minne nyuma ya nyumba, mbali na bati, kwa sababu bati linatoa kutu, nikayachuja kwa kitambaa, nikayapeleka kwa Muzee Mushagalusa katika bidon mbili, madumu ya plastiki.

Muzee Mushagalusa ndiye aliyekuwa na nyumba ya kuchaji ya mtaa wetu. Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya sufu hata siku za jua, na hakuwa mtu wa kuamini maneno. Siku ya kwanza alichukua kijiko, akakijaza maji yangu, akakiweka juu ya makaa mpaka maji yote yakaisha. Kisha akakigeuza kijiko kwenye mwanga. Kama kingekuwa na alama nyeupe, ningerudi na bidon zangu. Hakikuwa na alama.

"Maji yako iko sawa," akasema. "Kesho leta ingine."

Nikawa naleta kila wiki, na kila wiki alichoma kijiko. Sikukasirika. Nilipenda kumwona mtu anayepima.

Siku moja nikiwa namimina maji, nikasikia kitu. Betri ya asidi ikikaribia kujaa inachemka, inatoa sauti ndogo kama uji ulioachwa pembeni ya moto. Ina vyumba sita, na vyote vinapaswa kuchemka. Nikamwambia: "Muzee, hii batterie, chumba ya tatu haisemake kitu." Akainama, akasikiliza, akafungua kizibo. Kweli, chumba cha tatu kilikuwa kimekufa. Alikuwa ameichaji siku mbili bila kujua.

Akarudisha kizibo. "Wewe, acha kuuza maji. Kaa hapa."

Nikakaa. Nimekaa mpaka nilipostaafu. Vitenge vyangu vyote vya miaka ile vilikuwa na matundu ya asidi, na rafiki zangu wa kanisani waliamini nyumbani kwangu kuna panya.

Muzee alinifundisha vitu viwili: sikio na mkono. Sikio la kujua betri imeshiba, mkono wa kujua kama inaumwa. Kila alipopita kati ya betri aliweka kiganja juu ya kila moja, taratibu, kama mama anayekagua watoto wenye homa. Nikitaka kuzungumza habari za waya au za mashine, alinikatiza: "Weka mukono kwanza." Nilikuwa naona ni ushamba wa wazee. Niliona hivyo mpaka siku ya kinanda cha kwaya.

Siku hiyo naisimulia kwa aibu, lakini nyinyi mnahitaji aibu yangu kuliko sifa zangu.

Ilikuwa wakati ule kompyuta za kubeba zilipoanza kuharibika katika ofisi za Ibanda, katikati ya mji, na mabaki yake kupanda huku kwetu. Ukipasua betri ya kompyuta unakuta seli sita za duara, nene kidogo kuliko kidole gumba, na mara nyingi nne kati yake bado ni nzima. Ni mbili tu zilizokufa na kuwatia wenzao aibu. Niliposhika seli ya kwanza nilicheka kwa furaha. Nyepesi, haimwagi asidi, haihitaji maji! Nikaona kazi yangu imerahisishwa na Mungu mwenyewe.

Mkubwa wa kwaya ya parokia akaniomba betri ya kinanda, kwa sababu umeme ulikuwa unakatika katikati ya misa. Kinanda kinataka volti kumi na mbili. Nikaunga seli tatu kwa mstari, nikapima, nikaona zinakaribia kumi na mbili. Kisha nikachukua chaja. Chaja gani? Ile niliyoijua, ya betri ya gari. Juu yake imeandikwa kumi na mbili. Kumi na mbili kwa kumi na mbili, kuna kosa gani hapo?

Wanangu, kosa liko hapa, na bado naliona kila wiki katika maduka yenu. Chaja ya betri ya gari inapanda mpaka kumi na nne na zaidi, kwa sababu ndivyo asidi inavyotaka ili ijae. Seli ya lithium ya kawaida, ile iliyoandikwa tatu nukta sita au tatu nukta saba, inajaa kwenye volti nne nukta mbili. Tatu kwa mstari ni kumi na mbili nukta sita, na hapo inakoma. Haitaki hata tone la ziada. Mimi nilizilazimisha zinywe mpaka kumi na nne, halafu nikafanya kile ambacho ni mtu wa asidi pekee anayeweza kukifanya: nikainama na kutega sikio nisikie zikichemka.

Kimya. Nikajisemea bado hazijashiba. Nikaenda kumwagia maji betri nyingine, nikarudi, nikatega tena. Kimya. Nikaongeza muda.

Mara ya tatu nilikumbuka mkono. Nikaweka kiganja. Alama yake hii hapa, chini ya kidole cha shahada, mnaweza kuja kuiona. Kabla sijapiga kelele vizuri, seli moja ilianza kufoka moshi kama sufuria yenye mfuniko uliobanwa, moshi mkali wenye harufu tamu mbaya. Muzee alikuwa amekaa nje kwenye kiti chake. Alikuwa amezeeka sana wakati huo, na lithium alikuwa hajaigusa hata siku moja. Lakini aliingia na koleo, akausukuma ule mzigo mpaka nje, akaumwagia ndoo nzima ya mchanga, akafunga mlango wa bati nyuma yetu, tukasimama njiani tukikohoa.

Nilingoja anitukane. Akauliza tu: "Ulikuwa unangojea nini pale na sikio?"

"Nilikuwa nangojea ichemke, Muzee."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, kofia ikaanguka. "Nabintu, hii haichemkake! Siku hii itachemka, wewe njo utakimbia!"

Jumapili ile kwaya iliimba bila kinanda, na watu walisema imeimba vizuri kuliko siku zote. Mkubwa wa kwaya hakunisamehe hilo.

Kesho yake Muzee aliniketisha. "Ile ya asidi ulijifunza na masikio. Hii haina sauti. Sasa utajifunza na nini?" Tukatafuta pamoja. Tukapata kipimo cha volti kizuri, kile chenye namba mbili baada ya nukta, si vile vya kuchezea. Tukachagua seli moja kuukuu, nzima lakini chovu, tukaipaka rangi nyekundu na kuiita seli ya majaribio. Kuanzia siku hiyo, hakuna chaja iliyoingia kwetu ikapewa seli ya mtu kabla haijapewa ile nyekundu. Niliiweka nyekundu kwenye chaja, nikangoja taa igeuke kijani, nikapima. Ikisema nne nukta mbili, au karibu sana na hapo, chaja inakaa. Ikisema nne nukta tatu, inarudi ilikotoka, hata kama ni nzuri kama bibi arusi.

Muzee alituacha miaka kadhaa baadaye, kitandani kwake, ameshiba siku. Aliniachia kijiko, kofia, na betri moja ya gari ambayo sikuwahi kuiuza. Iwekeni moyoni, hiyo betri, nitairudia.

Basi, chaja. Mnaniambia mnataka ya nguvu, ya kujaza haraka, kwa sababu umeme unakuja kwa saa mbili tu na kuondoka. Naelewa. Mimi pia naishi hapa. Lakini nguvu inaamuliwa na seli, si na haraka yako. Angalia seli inabeba kiasi gani, kimeandikwa ubavuni. Chaja iipe nusu ya hapo kwa saa moja, au chini ya nusu. Seli kubwa itavumilia chaja kubwa, seli ndogo itaungua. Na kama seli imeandikwa tatu nukta mbili, hiyo ni ya jamii nyingine, ya chuma, inajaa mapema zaidi, na chaja ya nne nukta mbili itaiumiza. Chaja nzuri ina kitufe cha kuchagua. Kama haina kitufe, basi ujue imeshakuchagulia, na huenda imechagua vibaya.

Chaja yenye mashimo manne, hakikisha kila shimo linajitegemea, kwa sababu seli zilizochoka na seli mpya zikilishwa sahani moja, moja itavimbiwa na nyingine italala njaa. Na ninyi mnaokata waya wa chaja ya simu na kuubandika moja kwa moja kwenye seli, nawajua mmoja mmoja. Chaja ya simu inatoa volti tano. Akili ya kusimamisha iko ndani ya simu, siyo kwenye waya. Mkikata waya mmeacha akili huko nyuma.

Na umeme ukirudi baada ya kukatika, ngojeni dakika tano kabla ya kuchomeka kitu. Unarudi kwa hasira. Hasira hiyo ndiyo iliyomleta Mwalimu Birindwa kwangu.

Wengi wenu mlisomeshwa naye shule ya msingi, au kaka zenu. Mwalimu Birindwa alikuwa na sauti ya kumwita mtoto upande wa pili wa kiwanja na mtoto akageuka hata kama alikuwa anafanya kiburi. Kisha koo lake likapata ugonjwa, wakampasua ng'ambo, akapona, lakini sauti ikabaki huko. Mdogo wake anayeishi Ulaya akamtumia kifaa, kirefu kama tochi ndogo, anachokibana shingoni akisema. Midomo inatengeneza maneno, kifaa kinatengeneza mlio. Unatoka mlio mmoja tu, mkavu, wa nyuki ndani ya kopo, lakini maneno unayasikia. Watoto walimcheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili walikuwa wamezoea, kwa sababu alikuwa bado anawapa adhabu.

Ndani ya kifaa kulikuwa na seli moja ya lithium, ndogo kuliko zile za kompyuta. Bukavu nzima haikuwa na nyingine ya umbo lile. Nilizunguka kumtafutia ya akiba mpaka kwa rafiki yangu wa Lwiro anayetengeneza vyombo vya watafiti, hakuwa nayo. Na siku moja umeme uliporudi na hasira zake, chaja ya kifaa ikapiga cheche na kufa. Seli ikaisha chaji siku ile ile. Kwa wiki tatu, wakingoja chaja nyingine kutoka Ulaya, Mwalimu aliishi kwa kibao cha mtoto na chaki.

Alikuja kwangu Ijumaa asubuhi na mke wake, maman Furaha, mwanamke mwenye haraka katika kila kitu, hata katika kuketi. Kesho yake, Jumamosi, binti yao alikuwa anatolewa mahari.

"Maman Nabintu, utusaidie," akasema maman Furaha. "Kesho bageni banakuya. Wasemaji njo batasema, hiyo najua. Lakini mwisho banaulizaka baba: unakubali? Pale msemaji hawezi kumujibia. Tulimwambia atikise tu kichwa. Anakatala!"

Mwalimu akachukua chaki. Akaandika, kwa mwandiko ule wa ubaoni ulionyooka, akanigeuzia kibao:

*Kutikisa kichwa ni kazi ya ngombe. Na ngombe bataleta benyewe.*

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akafuta, akaandika tena, safari hii kwa herufi ndogo: *Ni mutoto wangu wa mwisho. Nataka anisikie.*

Hapo na mimi nikaacha kucheka.

Maman Furaha akatoa kwenye mkoba chaja mpya, inayong'aa, yenye taa za bluu. Alikuwa ameinunua asubuhi ile ile Ibanda. "Muuzaji alisema hii inajaza kila pile, dakika makumi tatu tu. Weka hapo mbio, courant isiende!"

Nitawaambia ukweli, kishawishi kilikuwepo. Umeme ulikuwa unawaka. Hakuna aliyejua utawaka mpaka saa ngapi. Nusu saa ingetosha, Mwalimu angerudi nyumbani akizungumza, na mimi ningesifiwa mtaa mzima. Chaja yangu mwenyewe, ile ya kitufe, kwa nguvu yake ya chini kabisa, ingehitaji saa tatu, huenda nne. Maman Furaha alinitazama akaona nasita, akasukuma chaja yake mbele.

Nikaichukua seli nyekundu. "Ngoja kidogo, maman. Hii itaonja kwanza."

"Ionje nini? Courant itaenda!"

"Ionje tu."

Tukakaa watatu tukiiangalia seli nyekundu. Taa ya bluu iliwaka, ikawaka. Nikapima: nne nukta mbili. Taa bado bluu. Maman Furaha akahema. Nikapima tena: nne nukta tatu, na taa bado inawaka bluu kwa raha zake. Nikaweka mkono. Seli ilikuwa moto. Nikaichomoa.

"Maman, hii ingelikula pile ya Papa Mwalimu," nikamwambia. "Haijui kusimama."

Mwalimu alivuta seli yake kutoka mezani, akaificha ndani ya ngumi.

Nikamwomba anipe. Hakunipa mara moja. Alinitazama kwanza, kisha akatazama alama ya kiganja changu, kwa sababu alijua habari ya kinanda. Alikuwepo kanisani Jumapili ile. Akafungua ngumi. Nikaiweka seli kwenye chaja yangu ya polepole, nikachagua nne nukta mbili, nikachagua nguvu ya chini kabisa, nikabonyeza.

Nusu saa haikupita, umeme ukaenda.

Maman Furaha alisimama, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Njo ile! Njo ile nilisema! Kama tungeliweka yangu, ingelikuwa imemaliza!"

Ingekuwa imemaliza, kweli. Ingekuwa imemaliza na seli. Lakini sikubishana naye, kwa sababu mtu mwenye sherehe kesho habishwi. Nilienda nyuma ya pazia nikaiburuta betri ya Muzee Mushagalusa. Miaka yote ile nilikuwa nainywesha maji ya mvua na kuijaza kila umeme ulipokuja, bila kujua naitunzia nini. Pengine nilikuwa namtunza mzee tu. Chaja yangu ya kitufe ina waya wa pili wa kuchomeka kwenye betri ya gari, na waya ule ndio sababu niliichagua sokoni nikaziacha zenye taa nyingi. Nikabana koleo mbili ndogo za waya ule kwenye betri, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Taa ya chaja ikawaka tena.

"Hii kitu ya bazee?" akauliza maman Furaha.

"Ya bazee, maman. Kaa tukunywe chai."

Akakaa. Tulikunywa chai kwa saa tatu na nusu. Mwalimu alikaa karibu na chaja na kibao magotini, na kila nilipopita niliweka kidole juu ya seli, naye kila mara aliniangalia usoni. Mara ya nne akaandika: *Iko na homa?* Nikamwambia haina. Mtaa mzima haukuwa na umeme, mpaka mashine ya unga ya jirani ilinyamaza, lakini betri ya mzee ilikuwa inamlisha mtoto wa kigeni kijiko kwa kijiko. Nilijisikia vizuri sana, wanangu. Sijui kama kuna siku nyingine ya kazi niliyojisikia vizuri hivyo.

Taa ikageuka kijani. Nikapima: nne nukta moja tisa. Nikairudisha seli ndani ya kifaa, nikampa mwenyewe. Akakibana shingoni. Nilidhani atashukuru. Mke wake pia alidhani atashukuru.

"Furaha," likasema kopo la nyuki, "umekunywa sukari yote ya maman."

Maman Furaha akalia. Alilia na kucheka kwa pamoja, akimpiga mume wake begani, na mimi nikageuka kupanga waya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Jumamosi nilikuwepo. Nilivaa kitenge kisicho na matundu. Wasemaji wa pande zote mbili walisema walichosema, mnawajua wasemaji, kila mmoja alianzia kwa babu wa babu. Mwalimu alikaa kimya asubuhi nzima, kifaa kiko mfukoni. Walipomsalimia aliinamisha kichwa. Alikuwa anatunza chaji. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma nikihesabu moyoni: seli ndogo, imejaa, haijatumika. Inatosha. Inatosha?

Msemaji wa upande wa mume akasimama. "Sasa tunaomba baba mwenyewe. Papa, unakubali?"

Binti alikuwa ameinamisha uso. Mwalimu akasimama, akatoa kifaa, akakibana shingoni. Watu waliotoka mbali, ambao hawakuwahi kumsikia, walitazamana.

"Angalia hapa, mwanangu," akasema. Binti akainua uso. "Nakubali."

Maman Furaha alipiga kigelegele, na wanawake wote wakamfuata. Msemaji akashukuru, akaanza kuketi. Lakini Mwalimu hakuketi. Alingoja kelele ziishe, kama alivyokuwa anangoja darasa. Kisha akamgeukia bwana arusi na kuanza kumweleza namna ya kuishi na mtu. Alieleza habari ya kusikiliza. Alieleza habari ya kurudi nyumbani mapema. Alirudi nyuma akaeleza tena habari ya kusikiliza. Wali ulikuwa unapoa. Msemaji alikohoa mara mbili. Wiki tatu za kibao zilikuwa zinatoka zote, na hakuna mtu aliyethubutu kumkatiza mtu aliyekatizwa na koo lake mwenyewe.

Maman Furaha akanisogelea kwa nyuma, akaninong'oneza: "Maman Nabintu, hii pile inaisha saa ngapi?"

"Niliijaza muzuri, maman," nikamjibu. "Tukae tu."

Alipomaliza, watu walipiga makofi kwa furaha na kwa njaa. Akaja moja kwa moja mpaka nilipokaa, akaniwekea kifaa mkononi. Nikafunga kiganja juu yake, kile chenye alama, nikaitafuta homa kama Muzee alivyokuwa anaitafuta.

Kilikuwa na joto la mkono wake tu.